Mikwiro Isiyogusa Ngozi

Toledo, Ohio
Jumapili, 24 Juni 1979

Mjomba Walter,

Shikamoo. Naandika nimekaa juu ya begi langu katika ukumbi wa michezo wa shule, na sakafu inanuka nta na soksi za watu mia moja na ishirini na wanane. Hujambo wewe? Ziwa limeacha kukuvalisha sweta? Kwa kuwa umekataa kuweka simu, habari za ukoo zitakufikia kwa mkono wangu, basi uvumilie mwandiko.

Mama anaendelea vizuri. Goti limepungua uvimbe, na kila Jumapili anauza pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha, baada ya misa ili kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta kipate mafuta ya mabasi. Kaka Leonard amepata mtoto wa pili, wa kike. Usiku analia kwa sauti ya juu kuliko tarumbeta zetu zote, na Leonard anasema huyo hahitaji kufundishwa, anahitaji kulipwa.

Jambo lililonishikisha kalamu ni hili. Tarehe kumi Agosti, Ijumaa, kikosi chetu cha Mtakatifu Gaudenty kitapiga mjini Kenosha. Itakuwa wiki moja kabla ya mashindano makuu kule Alabama. Wewe ndiye uliyeniambia, nikiwa na miaka tisa, kwamba kufikia Agosti kikosi ama kimeiva ama kimeungua. Nataka uje ukione kimeiva. Novemba natimiza miaka ishirini na miwili, na mwenye umri huo haruhusiwi tena kusimama kwenye mstari. Huu ndio msimu wangu wa mwisho.

Nimesimama wa nne kati ya wanane wa ngoma za nyuzi, zile kali zinazolia kama mvua ya mawe juu ya bati. Kwa miaka ishirini na minane ya kikosi hakuna msichana aliyewahi kuivaa ngoma hiyo, walipewa bendera. Bwana Przybylski wa duka la nyama bado ananiuliza kama si nzito. Mimi humjibu kwamba ni nyepesi kuliko maneno yake.

Kocha Dietz ametuandikia kipande tunachokiita Ngazi. Ni hatua thelathini na mbili za muziki. Kikosi kizima kinanyamaza, sisi wanane tunasimama bega kwa bega mbele kabisa, tunapiga kitu kimoja kwa pamoja, na kila hatua nne kinapanda kasi. Ukikosa kipandio kimoja unasikika hadi kwenye maegesho ya magari.

Wewe ulinipa mikwiro yangu ya kwanza, vile vijiti vya kupigia, ukanipigisha mto wa kulalia mwaka mzima kabla hujaniruhusu kugusa ngoma. Njoo uone ule mto ulizaa nini.

Mpwa wako,
Bernadette


Ashland, Wisconsin
Jumatatu, 2 Julai 1979

Mpwa wangu Bernadette,

Marahaba. Barua yako ilichukua siku saba, na nimeisoma mara mbili. Mwandiko wako si mbaya kama unavyodai, ila unaharakisha mwisho wa mstari, tabia uliyokuwa nayo hata kwenye mto.

Mimi ni mzima. Mwaka huu stroberi zimechelewa, na jirani yangu Halvorsen anasema ni kosa la serikali. Mpe Leonard hongera zangu. Mwambie mtoto alindwe na baridi, tena asibebwe kwenye maonyesho ya tarumbeta kabla ya kutimiza mwaka, kwa maana masikio hayanunuliwi.

Kuhusu Kenosha, jibu langu ni hapana.

Nilitembea viwanjani kama mwamuzi majira kumi na manne nikiwa na ubao wa kuandikia, nikiweka nukta kwa kila kosa la ngoma nililolisikia, na kila nukta ikiondoa sehemu moja ya kumi ya alama. Niliacha Agosti 1973. Sijaingia uwanjani tangu hapo, na sababu zangu ni zangu. Usimtume mama yako aniulize, kwa sababu hata yeye hazijui.

Hilo halinizuii kukushauri. Kipande kama Ngazi hakipotezwi na vidole. Hupotezwa na pumzi. Watu wanane wakivuta pumzi katika nyakati nane tofauti, watapiga vipande vinane tofauti, hata kama mikono yao ni ya malaika. Mwambie mwalimu wenu awafundishe kupumua kabla hajaongeza kasi.

Mjomba wako,
Walter Gorecki


Allentown, Pennsylvania
Jumatatu, 9 Julai 1979

Mjomba,

Shikamoo tena. Barua yako ilifika Toledo wakati sisi tumekwisha kuondoka. Mama mmoja wa pale shuleni akaituma huku, na leo mchana Augie ameniletea ikiwa na alama ya jemu. Augie Banaszak ni wa tatu kwenye mstari, anasimama kushoto kwangu. Aliniuliza, "Huyu mjomba wako ndiye yule aliyekipa kikosi cha Rockford nukta kumi na saba?" Nikamwambia ndiye. Akaishika bahasha kwa mikono miwili, kama vile inauma.

Sote tu wazima. Tunalala sakafuni, tunakula mkate na siagi ya karanga, tunafanya mazoezi kutoka saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Shingo yangu imeungua jua hadi kwenye ukingo wa kola. Mama ameandika kwamba mtoto wa Leonard amebatizwa Lucille. Kuhusu pumzi ulisema kweli. Tulijaribu jana, na Kocha Dietz akaongeza kasi bila kutuambia, wala hakuna aliyeanguka.

Umekataa kuja, na sitakubembeleza. Lakini nina swali la kitaalamu, na wewe ndiye mtaalamu pekee nisiyemlipa.

Tuseme katika mstari wa ngoma za nyuzi mpigaji mmoja ameumia kifundo cha mkono. Mwalimu anamwambia: kwenye kipande kigumu, inua mikwiro pamoja na wenzako, ishushe pamoja na wenzako, ila iishie upana wa kidole juu ya ngozi ya ngoma. Waamuzi wanaona wanane, wanasikia saba, na saba wakipiga vizuri hakuna anayehesabu. Mpigaji anabaki na ngoma yake. Vinginevyo atapewa matoazi, na nafasi yake itachukuliwa na mwingine. Hakuna anayedhurika.

Je, hilo ni kosa? Nauliza kwa ajili ya mtu mmoja wa hapa.

Mpwa wako,
Bernadette


Ashland, Wisconsin
Jumatatu, 16 Julai 1979

Mpwa wangu Bernadette,

Marahaba. Stroberi zimeiva zote kwa wiki moja, na nimepika jemu hadi nikakosa chupa. Halvorsen amechukua sita. Mpe Mama yako pole ya goti na pongezi za ubatizo; nitampelekea Lucille kijiko cha fedha cha bibi yenu, kwa kuwa mimi sina wa kumwachia.

Sasa swali lako.

Mchezo huo naujua. Ulikuwepo kabla hujazaliwa, na kila mwalimu anayeutumia hudhani ameubuni yeye. Hauko kwenye orodha ya makosa, kwa sababu walioandika orodha hawakutaka kuwafundisha watu namna ya kudanganya. Kosa lipo hata hivyo. Mwamuzi anatembea mbele ya mstari akihukumu watu wanane. Mmoja wao anampa kimya, akimwambia ni ustadi. Umesema hakuna anayedhurika. Fikiria wale saba. Wakikosea, nukta ni zao. Wasipokosea, sifa zinagawanywa kwa wanane.

Kama mtu huyo ni mgonjwa, na apumzike. Wiki mbili bila ngoma si kifo. Akipona, na arudi. Akiona haya kushika matoazi, hiyo ni haya, na haya haitibiwi kwa mikwiro ya hewani.

Sitaki jina lake. Natumaini yeye mwenyewe ataisoma barua hii.

Mjomba wako,
Walter Gorecki


[Kadi ya posta, upande mmoja picha ya daraja]

Jumatatu, 30 Julai 1979

Mjomba, shikamoo. Sote wazima. Mvua siku nne mfululizo, viatu vyeupe vimekuwa vya kijivu. Jana tumeshika nafasi ya kumi na mbili, na Alabama ni kumi na mbili tu wanaoingia fainali, kwa hiyo tumening'inia kwa kucha. Kwa habari ya Kenosha, naona ulikuwa sahihi, hakuna haja ya kuja. Safari ni ndefu na joto ni kali. B.


Ashland, Wisconsin
Jumamosi, 11 Agosti 1979

Mpwa wangu Bernadette,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo. Jana nilimwona, ingawa yeye hakuniona. Alikuwa safu ya nane pamoja na kina mama wa parokia, wote wamevaa jaketi za bluu katika joto ambalo ng'ombe wenyewe walilikimbia. Goti lake linamruhusu kuruka. Nimeridhika.

Bila shaka umekwisha kuelewa. Nilikuwa Kenosha.

Uliniandikia nisije. Nilifundisha wavulana Kilatini miaka thelathini na mmoja, na mvulana aliyeniambia, bila kuulizwa, kwamba hakuna haja ya kulitazama daftari lake, ndiye niliyeanza naye. Nilipanda basi alfajiri, nikabadilisha mara mbili, nikanunua tiketi ya jukwaa la juu na kuketi na darubini yangu ya kutazamia ndege wa ziwani.

Upande wangu wa kulia waliketi mabwana wawili wanaojuana tangu utoto, kwa jinsi walivyokuwa wakitukanana. Mmoja alikuwa anakula soseji.

"Mzee, wewe kikosi chako kipi?" akaniuliza.

"Sina kikosi."

"Huku hakuna mtu anayekuja Agosti bila kikosi. Hata mbu wa hapa wana kikosi."

"Mwache," akasema mwenzake, mnene, mwenye kofia ya majani. "Huyo wa Gaudenty. Anaona haya tu."

"Haya ya nini? Mwaka huu wana ngoma, bwana. Wana yule binti."

"Binti gani?"

"Wa nne pale kwenye nyuzi. Mkono kama cherehani. Nimemwona mara tatu, hajakosea hata siku moja."

"Wewe umemwona mara tatu kwa sababu mkeo hakutaki nyumbani."

Vikosi vitano vilitangulia. Viwili vilikuwa vimeungua, kama ninavyosema: vijana wanajua kila hatua na hawataki tena hata moja. Vitatu vilikuwa vimeiva, na miongoni mwao kimoja kutoka Iowa kilinishangaza kwa jinsi mistari yake ilivyopinda bila kukatika. Jambo hilo lilikuwa geni kwangu. Miaka kumi na minne nilitembea chini, kati ya ngoma, nikitazama mikono. Sikuwahi kujua kwamba kutoka juu watu mia moja na ishirini na wanane wanaweza kufunguka kama ngumi na kufumbata tena.

Kisha mkaingia ninyi. Mtoto wa parokia ni mtoto wa parokia. Nilisimama kama wajinga wengine wote. Tarumbeta zilipogeukia jukwaa na kupandishwa kwa pamoja, yule bwana mnene aliishika kofia yake kana kwamba upepo umekuja. Kikosi kimeiva, Bernadette. Nasema hivyo nikijua uzito wa neno. Bendera zilishuka kwa wakati mmoja, na miguu ilikuwa mguu mmoja.

Tarumbeta zikashuka. Watu elfu saba wakanyamaza. Wanane mkasimama mbele, waamuzi wawili wakasogea karibu, na Ngazi ikaanza.

Nilielekeza darubini kwenye nyuso, si kwenye mikono. Wa kwanza alikuwa ameuma mdomo wa chini. Wa pili alipepesa macho kila kasi ilipopanda. Wa tatu, ambaye nadhani ndiye Augie wako wa jemu, alikuwa na mshipa umemtoka shingoni. Wa tano alikuwa anasali, na wale watatu wa mwisho walikuwa wamekodoa macho kama watu wanaovuka barabara kuu. Wewe, wa nne, ulikuwa umetulia kama mtu anayesubiri mkate uive kwenye oveni.

Katika hatua ya ishirini na nane, pagumu kuliko pote, ulikaribia kutabasamu.

"Umeona?" akasema yule wa soseji. "Hakosei."

"Nimeona," nikasema.

Mpigaji anayegusa ngozi huogopa. Aliye bora huogopa kidogo tu, lakini huogopa, kwa kuwa kila pigo lina la kupoteza. Pale pote hapakuwa na mtu asiyekuwa na la kupoteza, isipokuwa wewe.

Utajiuliza nilijifunza wapi kusoma nyuso. Hiyo ndiyo sababu niliyosema kuwa ni yangu, na sasa naitoa.

Masika ya 1973 sikio langu la kushoto lilikufa. La kulia likabaki nusu. Daktari aliniambia Aprili. Msimu ulianza Juni, nami nilikuwa mwamuzi mkuu wa ngoma katika jimbo zima, na vijana walikuwa wakishusha sauti nilipopita. Sikumwambia mtu. Nilijifunza kutembea nikiwaweka wapigaji kulia kwangu. Palipokuwa hapana budi wawe kushoto, niliwatazama usoni. Mpigaji akikosea hukunja uso kabla hajajizuia, nami niliandika nukta kwa kuona mkunjo. Nyuso zisiposema kitu, nilikisia. Maonyesho kumi na moja, Bernadette. Nukta nyingine niliziandika kwa mazoea, kikosi chenye jina kubwa nukta chache, kikosi kidogo nukta nyingi. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Walisema Gorecki mwaka huu ni mkali kuliko mwaka jana. Nilipoacha, walinipa saa ya dhahabu.

Sikuweka simu kwa sababu nikiipokea nasikia nzi.

Sikuagizi kitu. Mwalimu wenu ana mamlaka yake, nami sina. Lakini leo asubuhi nimeandika barua mbili. Moja ni hii. Ya pili inakwenda kwa chama cha waamuzi, nayo inaeleza majira ya 1973 bila kupunguza. Nimezileta posta pamoja, na mistari hii ya mwisho naiandika mbele ya karani. Hii nimeilipia iende haraka kwenye shule mtakayolala Alabama, na karani ameapa kwamba itafika Alhamisi. Mtapiga Ijumaa. Una siku moja, na siku moja inatosha kwa mtu aliyepiga mto mwaka mzima.

Mjomba wako,
Walter Gorecki


Ndani ya basi, kusini mwa Illinois
Jumapili, 19 Agosti 1979

Mjomba Walter,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa mwandiko. Dereva wetu hapendi mashimo ila mashimo yanampenda yeye. Sote tu wazima. Mama alikuja Alabama na basi la parokia, akabeba pierogi mia tatu kwenye barafu. Anakusalimu. Nimemwambia kwamba ulimwona akiruka, akasema, "Basi angekuja kunisaidia kushuka." Habari za sikio lako sijamwambia. Hizo ni zako, umwambie mwenyewe, na umwambie upesi, kwa sababu amekuwa akidhani kwa miaka sita kwamba umemkasirikia yeye.

Barua yako ilifika Alhamisi saa nane mchana. Karani wako si mwongo. Niliisomea chini ya lori la jikoni, ndipo pekee palipokuwa na kivuli. Nilikasirika vibaya. Nilisema moyoni, mzee huyu alikataa kuja nilipomwita, akaja nilipomkataza. Kisha nikarudi pale ulipoandika habari ya mkate na oveni, na hasira ikaniishia, maana ilikuwa hivyo hivyo. Ndivyo nilivyokuwa najisikia kwenye Ngazi tangu Juni. Nilikuwa napumzika.

Nikuambie jambo ambalo hata wewe na darubini yako hukuliona. Kifundo kilipona tarehe ishirini Julai. Niliumia Mei, na Juni yote sikuweza kupiga kipande kile, hilo ni kweli. Lakini Julai nilipona, na usiku nilikuwa napiga Ngazi kwenye begi la kulalia bila maumivu. Sikumwambia Kocha. Msimu mzima nilikuwa sijapata nukta hata moja kwenye Ngazi, Mjomba, na watu walikuwa wanasema mkono kama cherehani. Nani anarudi kwenye kuogopa akishaonja hiyo?

Nilimfuata Kocha Dietz kwenye maegesho. Nikamwambia kesho nagusa.

"Kesho?" akasema. "Ulikuwa na miezi miwili ya kugusa, umechagua kesho?"

"Nimechagua kesho."

"Bernie, tuko wa kumi na mbili kwa unywele. Nukta mbili tatu zikitoka kwako, tumekwisha. Unalijua hilo?"

"Nalijua. Ukitaka nipe matoazi. Lakini ngoma nikiivaa, naipiga."

Alikuna kidevu. Akasema, "Mimi ndiye niliyekufundisha huo upuuzi, sina uso wa kukukatalia. Kawaulize wenzako. Nukta ni za mstari."

Nikawakusanya wale saba nyuma ya lori. Nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu. Nilifika sentensi ya pili tu, kwamba kuna jambo nimewaficha, Augie akanikata.

"Mimi nasimama kushoto kwako," akasema. "Unadhani nina masikio ya mbao?"

"Mlijua?"

"Tangu Juni," akasema Denny Wozniak, yule wa tano, anayesali. "Mkono wangu wa kushoto upo sentimita tano kutoka wako wa kulia. Kwenye Ngazi upande wako ni kama friji imefunguliwa mlango, hewa tupu."

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa unaumwa," akasema Augie. "Halafu ukapona, tukawa tunasubiri. Tulisema atarudi mwenyewe. Tukasubiri, tukasubiri, tukafika Alabama."

"Tunaweza kukosa fainali," nikasema.

"Sasa unataka kuhutubia au unataka kufanya mazoezi?" akauliza Augie.

Tulifanya mazoezi hadi jua likazama, Ngazi peke yake, mara arobaini. Nilikosea nyingi. Hakuna aliyegeuza kichwa.

Ijumaa tuliingia uwanjani saa tano asubuhi, jua limesimama juu ya shingo zetu. Umeniambia habari za nyuso, kwa hiyo nakuambia ya kwangu. Tarumbeta ziliposhuka niliogopa kiasi cha kusikia meno yangu. Tukavuta pumzi, wote wanane kwa pamoja kama ulivyofundisha, tukashusha. Nilikuwa nimesahau kwamba ngozi inajibu. Ukipiga hewani unainua mikwiro kwa nguvu zako. Ukipiga ngozi, ngozi inakurudishia. Hatua nane za kwanza nilikuwa nataka kucheka. Hatua ya kumi na tisa mkono wa kushoto ulichelewa, na mwamuzi, kijana mwembamba mwenye kofia nyeupe, alishusha kalamu palepale mbele ya macho yangu. Ishirini na nane ulichelewa tena. Akaandika tena. Nilimaliza ngazi yote, Mjomba. Kipandio cha mwisho tulikipiga watu wanane, na jukwaa lile la Kusini, lisilotujua, lilisimama.

Katika mchujo tumekuwa wa kumi na tatu. Kikosi cha Iowa kilichokushangaza ndicho kilichotupita, kwa sehemu moja ya kumi. Nukta moja.

Karatasi yetu ya ngoma za nyuzi ilikuwa na nukta sita. Karatasi haiandiki majina, inaandika nukta tu. Jumamosi tuliangalia fainali kutoka jukwaani, tumevaa nguo za kawaida, na vijana wa Iowa walipopita chini yetu tuliwapigia makofi hadi viganja vikavimba. Hiyo haikuwa rahisi na sitajifanya ilikuwa rahisi. Kuna wasichana wa bendera wenye umri wangu waliolia, na walikuwa na haki ya kunitazama walivyonitazama. Nilikwenda kwao mmoja mmoja nikawaambia ukweli. Mmoja hajanijibu mpaka sasa, na yuko viti vitatu mbele yangu.

Ndani ya basi watu walitazama nje ya madirisha mpaka tulipovuka Tennessee. Nikasimama kwenye njia katikati ya viti, nikasema mbele ya wote kwamba nukta mbili kati ya sita ni zangu, na kwamba bila hizo tungeingia.

Halafu Denny akasema, "Ya tatu ni yangu. Nilisali nikasahau kupiga."

"Ya nne na ya tano, mimi," akasema Augie.

"Acha uchoyo, Augie. Ya tano niliipata mimi mwanzoni kabisa, hata kalamu ya yule jamaa nimeiona," akadakia wa pili.

"Wewe hata ngoma yako haisikiki, nukta utaipata wapi?"

Wa nane akadai mbili. Mpiga matoazi akasema zile ni za nyuzi lakini moja anaitaka, kwa kumbukumbu. Kocha Dietz, aliyekuwa amejifunika kofia usoni kule mbele, akasema bila kuiondoa kwamba yeye ndiye aliyeandika kipande kigumu kupita kiasi, kwa hiyo apewe moja. Dereva akauliza kama zimebaki. Tulipofika Cairo, ule mji wa huku Illinois, karatasi ile ya nukta sita ilikuwa na wenyewe kumi na mmoja, na Augie alikuwa anataka kupiga kura.

Denny akageuka akaniambia, kwa sauti ya chini, "Nipe moja ya zako, Bernie. Ubaki na moja. Hiyo itakuwa nyepesi kuibeba."

Nikamwambia hapana. Mbili ni zangu, Mjomba. Nilizisikia zote mbili zikitoka chini ya mkono wangu wa kushoto, na sikumwachia mtu hata moja.

Mpwa wako,
Bernadette